Saundi Kadi Niliyomchagulia Mdogo Wangu

Saundi kadi ya mdogo wangu ni ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Ina vitufe vya kuzungusha usoni na tundu moja la waya nyuma, na mimi mwenyewe ndiye niliyemchagulia. Nasema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia bure. Hakuna aliyenipokonya kitu. Niliulizwa, nikajibu, na jibu langu lilikuwa sahihi, ila tangu siku ile kila nikimwona anaitoa kwenye mkoba wake roho inaniuma kama mke aliyetumwa kwenda kumposea mumewe mke wa pili.

Mimi narekodi sauti. Nina chumba kimoja Kihonda, nyuma ya nyumba, nilichokibandika trei za mayai na mablanketi ukutani, na humo nimerekodi vikundi vya kasida, kwaya, matangazo ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na bwana mmoja aliyetaka kuisikia hotuba yake ya harusi ya binti yake kabla hajaitoa. Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux. Nilianza kwa sababu kompyuta niliyopewa ilikuwa imezeeka, na mfumo ule wanaoutumia watu wote ulikuwa unaifanya ihangaike kupumua. Nikaendelea kwa sababu nilipenda. Linux haikufichi kitu. Ukiiuliza kwa nini hakuna sauti itakujibu, ila itakujibu kwa kirefu, na lazima uwe na subira ya kusoma.

Na saundi kadi yangu mimi si ya kubebwa mkobani. Ni sanduku la chuma, lina matundu manane ya maiki usoni, na lilitoka studio moja ya Dar es Salaam iliyofungwa. Kwa asiyejua, saundi kadi ndiyo inayopokea sauti kutoka kwenye maiki, ikaigeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitunza, kisha ikairudisha kwenye hedifoni au spika. Kompyuta nyingi huja na yake ndani, lakini hiyo imewekwa kwa ajili ya kupiga soga na kuangalia filamu. Ukirekodi kwayo utasikia feni, utasikia hata kipanya kikisogea. Sanduku langu linaunganishwa kwa FireWire, aina ya waya ambayo enzi zake ilikuwa ya wakubwa, na leo huikuti kwenye laptopu mpya yoyote. Ilibidi nitafute kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani, na si kadi yoyote tu, kwa sababu chipu zake ni tofauti na Linux inaelewana na baadhi na kugombana na nyingine. Ya kwanza niliyonunua iligoma. Ya pili ilikubali kwa masharti. Siku taa ya buluu ilipowaka na sauti yangu ikarudi masikioni bila kuchelewa, nilitoka nje nikazunguka nyumba nikicheka peke yangu, hadi jirani akamuuliza mke wangu kama tumepata habari njema.

Kwa hiyo mtu akitaja mambo ya sauti katika ukoo wetu, ananitaja mimi. Ndivyo nilivyoamini.

Mama yetu anaishi milimani, juu ya Mkuyuni, mahali ambapo pikipiki inakuacha na wewe unamalizia kwa miguu kati ya migomba na mikarafuu. Ni kungwi. Binti akivunja ungo anawekwa ndani, na siku ya kumfunda na kumtoa wanawake hukusanyika nyumba moja, hufunga mlango, na Mama ndiye anayeanzisha nyimbo. Wanaume hatuzisikii. Siku hiyo sisi wote, kuanzia wazee mpaka watoto wa kiume, tunavuka mto kwenda kukaa kwa mjomba, na huko unachosikia ni ngoma tu kwa mbali, tena upepo ukipenda. Wala Mama haimbi mahali pengine. Haimbi akipika, haimbi akipalilia, na tulipokuwa wachanga aliyetubembeleza kwa nyimbo alikuwa bibi. Nimerekodi sauti za watu kutoka kila kona ya mji wa Morogoro, na sauti ya mama yangu mzazi akiimba sikuwahi kuisikia hata mstari mmoja.

Mdogo wangu amezisikia. Alizisikia alipokuwa mwali mwenyewe, na kila mwali mwingine baada ya hapo. Niliwahi kumuuliza zikoje. Alinijibu, "Nzuri," akaendelea kumenya viazi.

Mwaka juzi kifua cha Mama kilianza kumsumbua, akatuita wote wawili. Tulipomaliza kumwamkia na kula, alisema pumzi yake imekuwa fupi. Wasichana wa siku hizi wanawekwa ndani kwa haraka haraka kwa sababu ya shule, hawashiki hata nusu ya wanachofundwa, na wanawake wenzake wamekubaliana nyimbo ziwekwe kwenye mashine ili wajukuu wa kike wapate pa kujifunzia. Nilianza kutabasamu kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeshapanga kichwani maiki ipi ikae mbele ya Mama na zipi ziwe za waitikiaji, na nilikuwa nahesabu watu wa kunibebea kompyuta kupanda mlima. Mama akamgeukia mdogo wangu, akamuuliza kama ataiweza hiyo mashine.

Mdogo wangu ni mwalimu wa shule ya msingi mjini. Kwenye kompyuta anajua kuandika mitihani na kuangalia video za mapishi. Nilimtazama, nikamtazama Mama, nikasubiri mmoja wao acheke.

Hawakucheka, basi nikaanza kujitetea. Nilisema nitaweka mashine nje na kupitisha waya dirishani. Nilisema sitavaa hedifoni, nitatazama taa tu, maana fundi mzuri anaweza kurekodi kwa kutazama taa. Mama alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Na masikio utayaacha wapi, baba?" akauliza.

Hapo mdogo wangu ndipo akacheka. Nikasema sawa, basi nitamwazima sanduku langu, na nikamweleza Mama habari za sanduku hilo, matundu yake, waya wake, kadi ya kwanza iliyogoma na ya pili iliyokubali. Alinipa nafasi mpaka nikafika mwisho. Kisha akasema mchagua jembe si mkulima, akainuka kwenda kufungia kuku.

Tuliteremka mlima mimi na mdogo wangu bila kuzungumza, au tuseme yeye alizungumza na mimi nikawa namjibu kwa "mm." Sikuwa na hasira na Mama. Mila ni mila, na nisingetaka wazee wa kiume wa kule wasikie nimejaribu kupitisha waya dirishani. Kilichonichoma ni kwamba kitu pekee duniani ninachokijua kuliko watu wote wa kwetu kilikuwa kimehitajika kwa mara ya kwanza, na kikapewa mtu mwingine, tena mtu ambaye tayari alikuwa nacho hicho ninachokitamani. Yeye angezisikia nyimbo hata bila mashine. Mimi hata mashine isingenisaidia. Nilihesabu haya yote njiani, na yeye akawa ananionyesha mahali ambapo mdalasini umechanua.

Wiki iliyofuata alikuja Kihonda, akaketi kwenye kiti cha wateja, akaniuliza anunue nini.

Nilimuuliza maswali ninayowauliza wateja wote. Umeme wa kule? Akasema kama unavyopajua kaka, kuna paneli ya jua ya taa na kuchaji simu. Nani atabeba? Yeye. Kompyuta gani? Laptopu yake ya shule. Waimbaji wangapi? Mama anaanzisha, wengine wanaitikia. Kila jibu lilizidi kulisukuma sanduku langu nje ya mlango, maana linataka umeme wa ukutani, linataka kompyuta ya mezani, linataka mtu mwenye subira na uzoefu nalo. Hata wale wanaoitunza FireWire ndani ya Linux siku hizi wanazungumzia siku watakayoiacha. Haya nilikuwa nayajua siku nyingi, ila hakuna aliyewahi kunilazimisha kuyasema kwa mdomo wangu.

Ningeweza kumwambia lolote na asingejua. Lakini mtu akikuuliza jambo unalolijua kweli, ulimi hautaki kukosea. Nikamwambia anunue ya USB. Nikamwambia achague ile inayofuata kanuni ya wote, isiyohitaji draiva, yaani programu ya mtengenezaji ya kuiendesha, kwa sababu Linux inaitambua yenyewe ikichomekwa. Iwe na vitufe halisi vya kuzungusha, maana nyingine huficha mipangilio yake ndani ya programu iliyoandikwa kwa ajili ya mifumo mingine tu, na kwenye Linux unabaki na mashine nzuri isiyoweza kufumbua mdomo. Inywe umeme kutoka kwenye laptopu yenyewe. Iwe na matundu mawili ya maiki, moja la Mama na moja la waitikiaji, na iweze kuzipa maiki umeme zinaouhitaji, kwa sababu maiki nitakazompa haziamki bila huo. Aliuliza kuhusu ile aina nyingine yenye kasi kubwa aliyoiona mtandaoni, ambayo tundu lake linafanana kabisa na la USB-C. Nikamwambia hiyo kwa Linux ni bahati nasibu. Akauliza kama hedifoni zake za Bluetooth zingefaa, asihangaike na waya. Nikamwambia sauti ya Bluetooth inachelewa, na mtu anayesikia wimbo ukiwa umechelewa atakuwa anapima jambo ambalo limeshapita.

"Kumbe ni rahisi," akasema.

Nilimwandalia chai.

Saundi kadi ilipofika, aliileta ikiwa bado ndani ya boksi lake, na kwa heshima akanipa nifungue mimi. Laptopu yake nilikuwa nimeshaiwekea Linux. Nilichomeka waya. Kitaa cheupe kikawaka, jina la kile kidude likatokea kwenye orodha ya vifaa vya sauti, na basi. Hakikuuliza kitu wala hakikugoma. Nilikaa nikiitazama skrini nikisubiri tatizo, na mdogo wangu akaniuliza tunasubiri nini. Nilimwambia tunaipa muda ipoe.

Nilimfundisha. Nilimwonyesha namna ya kupandisha sauti mpaka taa iwe ya kijani na kurudi nyuma kabla haijagusa nyekundu. Nilimwambia akifika kule asichomeke chaja ya laptopu wakati wa kurekodi, kwa sababu kile kifaa cha bei poa kinachogeuza umeme wa jua kuwa wa nyumbani hupitisha mvumo, na mvumo huo huingia kwenye sauti kupitia waya uleule wa USB. Aliyashika yote upesi, na hilo nalo liliniudhi. Mara moja aliimba mwenyewe kwenye maiki kujaribu, mstari mmoja wa wimbo wa shule, akacheka aliposikia sauti yake. Ilikuwa safi. Nilitafuta kasoro, sikuipata.

Nyimbo hizi haziimbwi hivi hivi. Mama alisema hawezi kuketi tu akaziimba mbele ya mashine kama anayesoma matangazo ya vifo. Lazima mwali awepo ndani na wenzake wawe wanaitikia. Kwa hiyo tulisubiri mpaka mjukuu wa mjomba wetu alipowekwa ndani, na siku ya kumtoa ilipopangwa, tukajua ndiyo siku yenyewe. Mama mwenyewe alikuwa na nafuu asubuhi tu. Ikifika mchana kifua kinabana.

Nilipanda pamoja na mdogo wangu, nikambebea begi mpaka pale njia inapogawanyika. Wanawake walikuwa wamelaza tawi bichi katikati ya njia, na kuanzia hapo mwanamume haendelei. Nilimkabidhi begi lake, nikavuka mto kwenda kwa mjomba, nikawakuta wanaume wenzangu wamekaa kwenye mikeka wakila mihogo na kujadili bei ya ndizi. Wao walikuwa wanastarehe. Mimi nilikaa upande wa mlima, uso nimeuelekeza kule.

Haikuchukua muda simu yangu ikaita. Mdogo wangu alinong'ona kwamba taa ya saundi kadi inawaka ila kompyuta haiioni. Wanawake wameshafunga mlango, Mama ameshaketi. Nikamuuliza waya gani ametumia. Akasema ule mweusi. Nikamwambia ule tuliojaribia Kihonda ulikuwa wa kijivu. Kisha akasema ule wa kijivu jana usiku aliuchukua mumewe kuchajia simu, na yeye asubuhi akabeba uliokuwa umebaki mezani.

Watu wengi hawajui kwamba waya mbili zinazofanana kabisa kwa umbo zinaweza kuwa si sawa. Nyingine zimetengenezwa za kuchajia tu; zinapitisha umeme lakini hazipitishi habari yoyote. Kifaa kinawaka, kinaonekana kizima, na kompyuta haijui kama kipo. Kwetu, ambako kila waya nyumbani huwa wa kila mtu na kila simu, kosa hilo ni suala la muda tu.

Mimi ninatembea na waya za akiba kama wengine wanavyotembea na leso. Nilikuwa nao mzima mfukoni. Na nitasema kilichonipitia, kwa kuwa kilinipitia: nilifurahi. Nilisimama pale kwa mjomba nimeshika simu, nikafurahi kwamba bila mimi haiwezekani. Halafu nikakumbuka kifua cha Mama na asubuhi inavyokwenda, nikakimbia.

Nilifika kwenye tawi nikihema. Mama mdogo wetu alikuwa ameshatumwa kunipokea. Alisimama upande wake wa tawi na mimi upande wangu, nikamwamkia shikamoo huku nimenyoosha waya, akauchukua kwa ncha za vidole. Aliniambia nirudi upesi kwa sababu wanaanza. Nilirudi nikitembea pole pole kadiri heshima ilivyoniruhusu, na nilichosikia ni mlango ukifungwa. Baadaye, nikiwa nimeshavuka mto, ngoma zilianza, na upepo ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Siku tatu baadaye mdogo wangu alikuja Kihonda na uso wa mtu aliyevunja sahani ya watu. Kuhangaika na ule waya kulikuwa kumekula betri ya laptopu, na kabla nyimbo hazijafika mwisho ilimbidi achomeke chaja. Alikumbuka nilichomwambia, lakini ilikuwa ama achomeke ama mashine izimike. Sasa nusu ya mwisho ina mvumo wa kukera, na yeye hajui kuutoa. Alikuwa ameshampigia Mama. Mama amesema kaka yako atengeneze, lakini asisikie.

Nilimuuliza fundi wa sauti anatengenezaje sauti bila kuisikia. Akasema, "Si ulisema fundi mzuri anatumia macho?"

Kwa hiyo tukafanya hivi. Yeye mwenyewe alizichomoa spika zangu, akaviringisha nyaya zake akazitia kwenye mkoba wake na kuufunga zipu. Hedifoni alivaa yeye. Mimi niliketi mbele ya skrini, yeye pembeni yangu, katika chumba changu, kwenye kompyuta yangu, na nikaanza kumtengeneza mama yangu kwa macho.

Kuna namna ya kuonyesha sauti kama picha, chini sauti nzito, juu nyembamba, na muda ukienda kulia. Mvumo wa umeme unaonekana upesi, nyuzi zilizonyooka kuanzia pale chaja ilipochomekwa hadi mwisho, maana hauna roho na haupumziki. Sauti ya Mama ilikuwa ile nyingine. Ilipanda, ikatulia, ikatetemeka kidogo juu, ikateremka, kisha pengo dogo la pumzi, kisha waitikiaji wakaijaza picha nzima kwa mkupuo. Niliyaona mapengo ya pumzi yakizidi kuwa marefu kadiri nyimbo zilivyoendelea. Niliona mahali alipokohoa. Niliona mahali fulani ambapo wote walinyamaza akabaki yeye peke yake, mstari mmoja mrefu, nao haukutetemeka kabisa.

Nilikata uzi mmoja wa mvumo, nikamuuliza mdogo wangu kama umepungua. Akaitikia kwa kichwa. Nikakata mwingine. Nikamuuliza kama sauti ya Mama imeharibika. Akasema hapana, bado ni yeye. Tuliendelea hivyo mchana kutwa, mimi naona na yeye anasikia, na kazi ikawa inakwenda. Ila sikuweza kuacha kumtazama usoni. Mguu wake ulikuwa unapiga sakafu kwa mdundo nisioujua. Mara alitabasamu peke yake. Tulipofika kwenye ule mstari mrefu usiotetemeka alifumba macho na machozi yakamtoka, akayaacha yashuke bila kuyafuta.

"Kuna nini hapo?" nikamuuliza.

Akafumbua macho. "Siwezi kusema, kaka."

Sikumbuki kama nimewahi kumwonea mtu wivu vile. Nimewaonea wivu wenye studio za vioo, nimewaonea wivu wenye watoto wanaofaulu hesabu, lakini hiyo ni hamu tu ya mali na sifa. Siku ile nilitamani masikio ya mtu. Hedifoni zilikuwa zangu, waya wake ulipita juu ya goti langu, na ndani yake alikuwa anapita mama yangu akielekea kwa mtu mwingine. Nilifikiri kwamba Mama akishaondoka, sauti hii itakaa miaka na miaka kwenye kompyuta za watu, na wajukuu wa wajukuu wataijua, na mimi mwanawe wa kwanza nitakufa siijui. Nilisogeza kipanya nikakata mvumo uliobaki, kwa makini sana, kwa sababu sikutaka kumkwaruza.

Tulipomaliza, alivua hedifoni akaziweka mezani. Hakuinuka. Alikaa akizungusha pete yake, kisha akasema kuna kipande cha mwanzo kabisa, kabla ya nyimbo, alipokuwa anapima sauti. Alikuwa amemwambia Mama aseme chochote mpaka taa itulie kwenye kijani. Hicho si wimbo, na Mama amesema ninaweza kukisikia.

"Alisema lini?"

"Siku ileile," akasema. "Nilitaka kukikata."

Sikumwelewa. Alirudisha picha mpaka mwanzo, akanisukumia hedifoni, nikavaa.

Kwanza nilisikia chumba, kina mama wakisogeza mikeka, mtu akipiga chafya. Kisha Mama, karibu kabisa, kwa sauti yake ya kila siku.

"Nimeambiwa niseme chochote. Haya, nasema. Mwanangu yuko kwa mjomba wake, amenuna." Wanawake wakacheka. "Nyie mnacheka, lakini huyo mnamwona mwanamume tu, kumbe alishaingia humu. Mwaka ule nilipopewa kuanzisha nyimbo kwa mara ya kwanza, mimba yake ilikuwa kubwa. Nilikuwa naogopa, sauti haitoki. Akaanza kucheza tumboni. Nikamfuata yeye mdundo, nikaimba zote mpaka mwisho. Basi mwambieni asinune. Zote alishazisikia, tena kabla yenu. Haya, taa imekuwaje?"

Sauti ya mdogo wangu ikajibu kwamba taa ni ya kijani, na kipande kikaisha hapo.

Nilibaki nimevaa hedifoni ambazo hazina kitu ndani yake. Sikujua niutazame upande gani, nikatazama trei za mayai. Nilitaka kusema jambo la maana, la kaka mkubwa, nikaishia kumuuliza kwa nini alitaka kukikata kitu kizuri kama hicho.

Alikuwa anazirudisha nyaya za spika kutoka kwenye mkoba, anazinyoosha moja moja juu ya meza yangu.

"Mwaka alipokuwa na mimba yangu mimi, Mama alikuwa mgonjwa kitandani," akasema. "Hakuimba hata siku moja. Niliwahi kumuuliza." Akachomeka spika ya kwanza, akakosea tundu, akaichomoa. "Mimi nilidhani nyimbo hizi angalau ni zangu peke yangu."